Mashine Isiyouliza

Foleni ilikuwa imeshazunguka kituo cha afya na kutokea upande wa choo, na Riziki bado alikuwa amesimama. Si kwamba pa kukaa palikosekana. Akikaa chini, kile kitu kilimchoma chini ya bega la kushoto; akisimama kilitulia kidogo. Basi akasimama, mkono mmoja ukiwa juu ya bega la binti yake Divine. Tangu alfajiri watu walikuwa wakifika kwa miguu, wa upande wa Lusenda na wa kule milimani, wengine na watoto, wengine na chupa za maji, na wote walikuwa wamesikia tangazo lilelile.

Tangazo lilipita kwa pikipiki, kipaza sauti kimefungwa nyuma kwa mpira. Mashine yenye akili imefika. Inapiga picha ya kifua na kuisoma yenyewe papo hapo, bure, bila daktari. Mwenye kikohozi aje apimwe kifua kikuu. Hayo tu. Lakini hadi tangazo linafika sokoni lilikuwa limeshaota miguu na mikono: eti mashine inaona kila kilichomo mwilini, hata chuma cha vita, na haimuulizi mtu swali hata moja.

Kifua kikuu hakikumtoa Riziki nyumbani. Kilichomtoa ni hilo la mwisho, kwamba haiulizi.

Chuma kilikuwa ndani yake tangu vita vya mwaka tisini na nane, enzi hizo wakiishi Makobola. Miaka mingi kililala. Mvua za mwaka huu kikaamka. Alianza kwa kushindwa kuinua bidoni la lita ishirini la mawese, yeye aliyekuwa akiliinua kwa mkono mmoja huku akizungumza na wateja. Kisha akaanza kukohoa damu kwenye kitambaa alichokifua mwenyewe, mbali na macho ya watu. Mjini Baraka, katika hospitali ya mradi ulioleta mashine, kulikuwa na wapasuaji, na jeep ya mradi iliwapeleka bure wale waliokutwa na ugonjwa. Aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe alitajiwa bei ambayo Riziki asingeifikia hata akiuza michikichi pamoja na shamba lake.

Mara mbili alikuwa amejaribu wauguzi. Mara zote mbili muuguzi aliona kovu, akainua kalamu na kumuuliza: iliingia namna gani? Na mara zote mbili Riziki alisema ni maumivu tu ya kazi, akarudi nyumbani na vidonge vya kichwa.

Nyuma yao katika foleni alikuwapo Latifa, mke wa mvuvi, mwenye mtoto mchanga na mdomo usiojua kupumzika.

"Mi ningetaka muntu," Latifa alisema. "Docta akikudanganya, unamuona ku macho. Sasa ile mashini utaiangalia wapi?"

"Mashini haina uongo, mama," Divine alijibu. Alikuwa amesoma hadi sekondari na alipenda kuonekana hivyo. "Inaangaliaka mapicha maelfu. Haichoke, haiombe kitu kidogo, haijue we ni wa kabila gani."

"Njo sababu sitaki. Kitu yenye haijue mi ni nani, itajua namna gani mi niko mugonjwa?"

Foleni ikacheka. Latifa akataka kwenda msalani, akamgeukia Riziki. "Mama Divine, unibebee uyu kidogo. Mufunge tu ku mugongo, atalala."

Riziki alimpokea mtoto, lakini kwa mbele. Alimkumbatia kifuani ingawa bega lilimuuma hadi jasho likamtoka.

"Ku mugongo njo atatulia," Latifa alisisitiza.

"Hapa atatulia pia."

Divine alitabasamu kwa aibu. Alikuwa amezoea. Yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na aliambiwa mara nyingi jinsi wanawake wa kambini walivyomcheka mama yake kwa kumbeba mtoto mbele kama mzigo wa kuni. Hakuna aliyejua sababu. Marehemu baba yake naye hakujua.

Zamu yao ilipofika, Riziki alimrudishia Latifa mtoto, wakaingia chini ya hema la turubai. Ndani mlikuwa na joto la kuivisha ndizi. Kijana wa mashine, Wilfried, alikuwa mpole kwa namna ya mtu aliyechoka.

"Mama, shikamoo. Toa kila kitu ya chuma. Cheni, pete, ereni. Chuma inaharibishaka picha."

Riziki akavua hereni. Akavua pete ya ndoa, ikagoma kwenye kifundo, Divine akamsaidia. Kisha akabaki amesimama mikono mitupu.

"Yote?" Wilfried aliuliza.

"Yenye naweza kutoa, nimetoa."

Kijana hakulitilia maanani. Alimsimamisha mbele ya ubao, kidevu juu, mabega mbele. "Vuta pumuzi. Bakia vile. Bakia. Pumua."

Picha ilijitokeza kwenye kompyuta ndogo juu ya meza. Riziki aliona mbavu zake, akaziona nyembamba kuliko alivyodhani. Halafu akakiona. Kilikuwa chini ya bega, cheupe kuliko mfupa wowote, kimepinda, kina ncha. Kuna miaka aliyodhani labda ni wazimu wake tu, labda maumivu hayana mwili na anayatunga mwenyewe usiku akikosa usingizi. Kumbe kiko. Aliona furaha ya ajabu, ya kutisha, akaogopa kwamba atalia mbele ya kijana huyu.

"Mama," Divine alisema taratibu, "ile kitu nyeupe ni nini?"

Kabla hajajibiwa, duara dogo likazunguka kwenye kioo. Mashine ilikuwa inasoma. Riziki alishika ukingo wa meza. Soma, aliiomba moyoni. Soma vizuri, useme wewe, ili nisiseme mimi.

Duara likasimama. Kona ya picha ikawa kijani.

"Vert," Wilfried alisema na kutabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, pongezi. Uko muzima. Unaweza kurudi nyumba."

Riziki hakuondoka. "Na ile?" Aliweka kidole juu ya kioo.

Wilfried alikitazama. Alikuwa amekiona tangu mwanzo, hilo lilionekana wazi kwa jinsi alivyokwepesha macho.

"Mashini inatafutaka tu kifua kikuu, mama. Ile ingine haiulizwe. Na mi bananikataza kusema kitu yenye mashini haiseme. Mi si docta."

"Lakini we uko na macho."

"Niko na macho, mama. Lakini sina ruhusa."

"Basi sitoke hapa," Riziki alisema, akarudi na kusimama kwenye ubao, kidevu juu, kama vile picha ya pili ingeweza kuaibisha ile ya kwanza. Nje foleni ikaanza kunung'unika. Wilfried akampigia simu msimamizi wa kituo.

Madame Godelieve alikuja na miwani yake kichwani. Alikuwa muuguzi wa zamani, mwanamke aliyewazalisha nusu ya watoto wa vijiji vile, na Riziki alimheshimu. Alishusha miwani, akainama mbele ya picha kwa muda mrefu. Aliponyooka, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hii ni chuma. Na iko karibu sana na mapafu." Akamgeukia. "Mama Divine, ilikuingia ginsi gani?"

Swali lilelile. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia; mashine iliyopaswa kumsemea ilikuwa imeshasema yake, na rangi yake ya kijani ilikuwa inawaka pale kwenye kona. Riziki alimtazama Divine, msichana aliyekua akidhani yeye ndiye mtoto wa kwanza.

"Utoke inje kidogo," alimwambia.

"Siende," Divine alisema.

Basi Riziki akatazama turubai, akasema na turubai.

"Tulikuwa tunakimbia. Bale bantu walikuwa nyuma yetu. Nilikuwa nimebeba mutoto ku mugongo." Akaanza upya. "Ilipitia kwake kwanza. Njo ikaingia kwangu. Mi nilisikia tu moto, nikaendelea kukimbia. Alikuwa kimya. Nikasema Mungu iko, mutoto amelala, asilie, batatusikia. Nilitembea naye muchana muzima vile. Kufika ku ziwa, nikamufungua nimunyonyeshe."

Turubai si ukuta. Manung'uniko ya foleni nje yalikuwa yamekatika.

"Baba yake alikuwa ng'ambo. Nilimuambia ni malaria. Amekufa akijua ni malaria."

Madame Godelieve alivua miwani na kuipangusa kwa gauni lake, ingawa haikuwa na vumbi. "Nitaandika ku projet ya mashini," alisema mwishowe. "Nitatuma na picha."

"Batajibu?"

Godelieve hakuweza kumdanganya. "Barua ya mwaka jana bado habajajibu. Mama, kama ungekuwa rouge, nyekundu ya kifua kikuu, jeep ingekupeleka leo leo. Sasa uko vert. Vert haina transfert ya hospitali."

Riziki alikuwa amesikia mengi maishani, lakini hakuwahi kusikia mtu akimsikitikia mwenzake kwa kukosa kifua kikuu. Alivaa hereni. Pete aliitia mfukoni, kwa kuwa vidole vilikuwa vimevimba, akatoka.

Jeep ilikuwa kivulini kando ya hema, mlango wa nyuma wazi. Wale wa nyekundu walikuwa wameketi ndani na barakoa zao za bluu, kila mmoja akitazama magoti ya mwenzake. Riziki akakanyaga bampa na kupanda.

"We mama," dereva aliita, "uko rouge? Masque yako iko wapi?"

Riziki alivuta kitenge chake akafunika mdomo na pua. Mzee mmoja aliyekuwa mwishoni mwa benchi, mifupa mitupu, alisogea kumpa nafasi. "Muache, chauffeur. Tulisikia bote."

Dereva alitazama hema. Madame Godelieve alikuwa amesimama mlangoni pa turubai, na kwa kitambo ilionekana kama atasema kitu. Kisha akageuka ndani, na sauti ya Wilfried ikasikika ikimwita Latifa. Divine akapanda, akajibanza miguuni pa mama yake, na mlango ukafungwa.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo lilimchoma Riziki, naye aliuma kitenge ili asigune. Walipoacha nyumba za mwisho za kijiji, Divine aliinua kichwa.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Miaka yote hiyo jina hilo halikuwahi kupita mdomoni mwake. Alidhani litakuwa limeoza. "Tania."

"Ningekuwa namuita yaya, dada mukubwa," Divine alisema, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake na kulia bila sauti. Riziki hakulia. Alihisi uzito mgongoni, uzito uleule mdogo wa mtoto aliyelala, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kuutikisa utoke.

Kwenye lango la hospitali askari mwenye simu mkononi aliwashusha mmoja mmoja na kuuliza majina. Simu iligeuka nyekundu, mtu akapita. Ikageuka nyekundu, mzee wa mifupa akapita, akageuka kumtazama. Riziki akataja lake. Simu ikageuka kijani. Majibu ya mashine yalikuwa yamefika mjini kabla yake.

"Vert," askari alisema bila ubaya. "Uko muzima, mama. Urudi nyumba, tusicheleweshe bagonjwa."

"Mi ni mugonjwa."

"Hapa inasema hapana."

Watu walikuwa wanapita: wauza karanga, wenye vyungu vya chakula cha wagonjwa. Riziki alimpa askari mgongo. Palepale katikati ya lango, mchana kweupe, aliteremsha blauzi yake hadi kovu likaonekana lote, pale ambapo kichwa cha mtoto hukaa akifungwa mgongoni.

"Uniulize," alisema.

Askari aliangalia simu yake.

"We pia uko na macho. Uniulize ginsi iliingia."