Dereva Niliyemficha

Nianze na aibu yenyewe niitue: mimi Shukriya, mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na mbili, nilidanganya kwenye bima ya gari kwa kuogopa jicho la jirani. Haya, chekeni. Na mimi ningecheka, lau angekuwa mwengine.

Binti yangu Ibtihal alipasi mtihani wa udereva mara ya kwanza. Hapa Ibra, Omani, mara ya kwanza hapasi mtu. Baba yake, Zakariya, alianguka mara nne, na mpaka leo akikaribia kipilefti anasoma Ayatul Kursi. Mtoto wa miaka kumi na minane akaingia mara moja tu, afisa akamwambia mabruk. Furaha yangu haikutimiza dakika tano, hofu ikaipiga teke.

"Funga mdomo," nikamwambia. "Usiwaambie wenzako, usiwaambie shangazi zako, usitie picha kwenye simu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka watu wazoee."

Sasa watu watazoeaje jambo wasilolijua? Hilo mwalimu wa hesabu hakulipigia hesabu.

Na nikisema watu, nilikuwa namkusudia mmoja: Bimdogo. Tunapakana naye ukuta kwa ukuta. Bibi wa miaka sabini na nne, mjane, mzaliwa wa Unguja, anaishi na mjukuu wake Wasan. Kiswahili chake kimepigwa pasi; changu mimi, ambaye wazee wangu walitoka Tabora, akikisikia hunikunjia uso kisha akacheka. Ibtihal alipokuwa na miaka sita, Bimdogo alimshika nywele akasema, "Loo! Nywele hizi!" Kesho yake mtoto akashikwa na homa. Ilikuwa mafua tu, nusu ya darasa walikuwa nayo. Lakini tangu siku hiyo nimepita nyumba tatu, labda nne, nikiwanong'oneza wanawake wenzangu kwamba Bimdogo ana jicho la hasadi. Mdomo huu huu.

Ulipofika wakati wa kuhuisha bima, nikaenda ofisini, na nani yuko mezani? Wasan. Msichana mzuri, ila Kiswahili chake Mungu amrehemu.

"Khala Shukriya, gari iko na dereva mwengine nyumbani? Kama iko kijana chini ya ishirini na moja lazima tuandike jina yake. Kama hajaandikwa na akagonga mtu, kampuni italipa yule mtu halafu itawadai nyinyi."

Mimi nikaona maji yanafika shingoni. Nikimwambia Wasan, usiku hautaingia Bimdogo hajajua. Nikacheka kicheko cha bure. "Nani? Ibtihal? Huyo hata baiskeli inamshinda."

Wasan akanitazama kidogo, akaandika majina mawili, langu na la Zakariya. Nikatia saini. Zakariya, anayefanya kazi Maskati na kurudi Alhamisi, nikamwambia yote tayari.

Kuna jambo jengine. Kila Jumatano, siku ya soko la wanawake, nilikuwa nikimchukua Bimdogo garini. Miaka kenda hiyo. Mtoto alipopata leseni nikaanza visingizio. Mara gari iko gereji, mara kichwa kinaniuma. Ukweli, Ibtihal ndiye aliyekuwa akinipeleka, na sikutaka bibi akae kiti cha nyuma amkodolee macho kisogoni. Basi Bimdogo akawa anatoka kwa miguu, na kikapu chake, kwenda kusimamisha teksi barabarani.

Jumatano ya tatu Ibtihal alikuwa anatoa gari kinyumenyume getini. Mimi niko mlangoni natafuta viatu. Nikasikia kishindo kidogo tu, kama mtu kaweka mzigo chini, kisha mtoto akapiga ukelele. Bimdogo alikuwa amelala nyuma ya gari, kikapu kule, mkono umepinda.

Wallahi nitasema nilivyofanya, maana ndicho kinachoniunguza. Sikuanza na bibi. Nilianza na mtoto. Nilimvuta mkono kutoka kwenye sukani nikamwambia, "Ingia ndani. Niliyeendesha ni mimi. Umesikia? Mimi!" Leseni yake bado ni ya majaribio, jina lake halimo kwenye bima, na baba yake anadhani limo. Ibtihal akanitazama kana kwamba hanijui, akaingia ndani analia. Ndipo nikamwendea Bimdogo. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia kila neno.

Hospitali wakamfunga plasta, kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika. Akaja polisi, kijana mpole, akauliza kwa Kiarabu nani alikuwa anaendesha. Nikasema mimi. Akamgeukia Bimdogo. "Na wewe mama, unasemaje?"

Bimdogo akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Huyu," akasema. "Mama Ibtihal."

Polisi akamletea karatasi. Mkono wa kulia haukuweza kushika kalamu, akatia dole gumba la kushoto, taratibu. Polisi akatoka.

"Ahsante, bibi," nikasema. "Umenisitiri."

"Nilimwona mtoto wiki ile ya kwanza," akasema. "Kutoka dirishani. Anaendesha vizuri, kila tuta anapunguza mwendo. Nikamwambia Wasan, naye akanambia wewe umesema mtoto haendeshi. Nikamwambia basi, kama mama yake hataki tujue, hatujui."

"Kwa nini hukuniuliza, bibi?"

"Nilitaka nije nikupe hongera. Nikaogopa." Akavuta shuka kwa mkono ule mzima. "Najua unavyosema juu yangu, Shukriya. Mji mdogo huu. Leo nilipoanguka, maumivu sijayasikia bado, nikajiambia: haya, watasema nimemtia mtoto jicho mimi."

Mwanamke kagongwa na gari, yuko chini, na hofu yake ya kwanza ni kwamba ataambiwa ni kosa lake. Nani alimfikisha huko? Nilitamani anitukane. Anipige na hiyo plasta. Hakufanya, na mimi nikahisi uso wote unawaka moto, mwanamke mzima, na mizani ya haki nawafundisha watoto wa watu.

Nikatoka mbio. Nilimkuta yule polisi kwenye maegesho anawasha gari. Nikamwambia nimesema uongo, aliyeendesha ni binti yangu, na bima nayo nimeidanganya. Akazima gari.

"Na yule bibi? Naye ametia dole."

"Alininusuru mimi. Usimwandike kosa. Mwandike mimi."

"Lazima nimuulize upya," akasema, akatembea mbele yangu mpaka chumbani.

Akasimama kando ya kitanda na karatasi mpya. "Mama, nakuuliza tena. Nani alikuwa anaendesha?"

Bimdogo alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtoto anayeomba kugusa kitu kisicho chake: "Nilitaje jina lake? Hutachukia?"

"Litaje, bibi," nikamwambia.

Akalitaja, kwa sauti ndogo, na macho ameyafumba.