Msaidizi wa Kusugua Kioo

Kwa watu wengine samaki ni samaki. Kwa mshonaji huyu, we! Tangi lake la kioo pale sebuleni lilikuwa na diskasi watano, bapa kama sahani, wenye maringo na woga mwingi, na yeyote aliyetaka kuishi nao alichunguzwa kama mchumba. Maji yao ni ya uvuguvugu, basi samaki wa maji baridi, kwaheri. Wanakula polepole kama wageni wenye haya, basi wenye pupa wasibishe hodi. Wanaong'ata mapezi ya wenzao ndio kabisa! Waliofaulu ni neoni wadogo wa buluu na kambare wasiozidi kidole, wanaookota makombo chini. "Unachagua utadhani unaozesha," mumewe, fundi rangi, alimtania.

Lakini wiki ile aliyekuwa anachunguzwa ni yeye mwenyewe. Binti wa mumewe alikuja kukaa nao kwa majaribio. Mama yake alifariki binti akiwa mdogo, akalelewa na bibi, na bibi alishatamka wazi: mtoto akipiga simu moja tu, namfuata. Mshonaji hakujaliwa mtoto. Alimtaka huyu, alimtaka sana, na binti hakumwita mama, hakumwita shangazi, hakumwita chochote. Akimhitaji alisema "samahani." Samahani, chumvi iko wapi? Samahani, maji ya kuoga yapo?

Siku moja mshonaji alikuwa akisugua ukungu wa kijani kwenye kioo cha tangi, akanung'unika, "Laiti ningepata msaidizi wa kazi hii, mikono imeniisha." Alisema tu, kama mtu anavyosema. Kesho yake aliporudi kutoka kazini alimkuta binti amesimama mbele ya tangi, anacheka. Anacheka, jamani!

"Nimekuletea msaidizi," binti alisema. "Nimemnunua kwa akiba yangu. Muuzaji kasema hana shida na mtu."

Kwenye kioo alikuwa amejibandika samaki mweusi, mdomo uko chini ya kichwa, ananyonya ukungu kwa bidii. Mshonaji akasogea karibu na kioo. Aina ile aliijua. Wakiwa wadogo husugua kioo kweli, lakini huyu alishakua, na akishachoka na kioo atamfuata diskasi aliyetulia, ajibandike ubavuni, amnyonye ute wa ngozi. Na diskasi, mjinga wa watu, anasimama tu. Ute ukiisha ni kidonda, kidonda kikichafuka ndiyo basi tena.

"Asante, mwanangu," alisema.

Neno mwanangu likapita bila kupingwa. Sasa angeanzia wapi kusema samaki huyu atoke?

Hakusema. Mwoga mkubwa! Kila jioni alimtupia mnyonyaji vipande vya tango ili ashibe awaache wenzake, na kila asubuhi alikimbilia tangi kabla hajanawa uso. Akamsukumia mumewe mzigo: "Mwambie wewe, baba mtu." Fundi rangi akainua mikono. "Mimi simo. Samaki wako, ulimi wako." Siku ya nne Malkia, yule diskasi mwekundu aliyempenda kuliko wote, alikuwa amejikunyata nyuma ya hita ya maji, rangi imemfifia, chakula hakitazami. Ubavuni alikuwa na doa jeupe la duara, ukubwa wa kifungo cha shati.

Mchana ule mshonaji alifunika cherehani mapema, akakimbilia nyumbani binti akiwa bado shuleni. Atamtoa mnyonyaji, atamrudisha dukani, atasema amekufa. Uongo kidogo tu. Akaweka ndoo sakafuni, akazamisha wavu. Lo, samaki mtelezi yule! Akimbana kona hii anachomokea ile, neoni wanatawanyika, diskasi wanajigonga kwenye kioo kwa hofu, na yeye sikio lote liko mlangoni. Alipomtia ndooni hatimaye, alikuwa amelowa mpaka kwapani. Ndipo akasikia ufunguo.

Binti alisimama na begi begani. Aliutazama wavu. Akamtazama samaki wake anayepiga mkia ndooni.

"Unamtupa."

"Hapana, mwanangu, na... namsafisha kidogo."

"Unamsafisha msafishaji?"

Binti akatoa simu. "Nampigia bibi."

Mshonaji akakaa palepale sakafuni kwenye maji. "Piga," alisema. "Ila kwanza njoo umwone Malkia."

Binti akasogea, akainama. Malkia alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, doa limemgeukia juu, mashavu yanafunguka kwa tabu.

"Huyu wangu ndiye kamfanya hivi?"

"Ndiye. Kosa si lako."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ulipomleta."

"Siku zote hizi! Ukamwacha aliwe mzima mzima, eti mimi nisinune?"

"Niliogopa utaondoka."

Binti alimgeukia. "Kwa hiyo na mimi nikikosea hutaniambia. Utanichekea tu, mwanangu, mwanangu, halafu siku nitarudi shuleni nikute ndoo."

Mshonaji alilia. Mtoto alisema kweli tupu. Ndani ya tangi mashavu ya Malkia yalifunguka, yakajifunga, hayakufunguka tena, na wote wawili waliona.

Binti akaenda ukumbini na simu yake. Hakuufunga mlango, na wala hakushusha sauti.

"Bibi, shikamoo... Sijambo... Yeye? Mwongo, bibi. Tena uongo wenyewe hauwezi." Akasikiliza. "Hapana. Hapana, bibi, usije kunichukua. Bado sijamaliza kugombana naye."