Kengele ya Kuagana

Wiki nzima ya mitihani sijapata usingizi wa kueleweka, kwa hiyo msinishangae nikisema nasinzia nikiwa kazini. Nimekaa kwenye ngazi ya stoo, jua la alasiri linanichoma magoti, nondo ya kupigia iko mapajani, na juu ya kichwa changu linaning'inia rimu kuukuu la lori ambalo hapa shuleni ndilo kengele yetu. Mimi ndiye mpiga kengele. Nimewaamsha wenzangu alfajiri, nimewapeleka mstarini, nimewaita kula, na tangu kidato cha pili wamekuwa wakinilaani kwa hilo. Leo ninapiga ya mwisho, ile tunayoiita kengele ya kuagana. Karatasi zimeshakusanywa, kidato cha nne wote wamerudi darasani kusikiliza nasaha za Mwalimu Rwegoshora, naye ameniambia, Kokubanza, kaa hapo nje, ukiona nimenyanyua mkono dirishani, piga. Nikipiga watatoka, tutashika njia ya langoni pamoja, na anayemaliza hageuki nyuma mpaka avuke lango. Ndiyo desturi ya hapa. Anayegeuka, tunaambiana, anabaki. Tunacheka tukisema hivyo, lakini sijawahi kumwona mtu akigeuka.

Naogopa, niseme tu ukweli. Mwezi uliopita Mwalimu alitupitia dawati kwa dawati akiuliza, ukitoka hapa unakwenda kuwa nani? Ng'washi, ninayekaa naye dawati moja, alisema nesi kabla hata hajafikiwa. Mwingine rubani, mwingine mwanasheria, mwingine akasema atauza vitenge na mama yake, na huyo ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilitazama huko mbele niendako nikaona ukuta uliopakwa chokaa, basi, hakuna mlango wala dirisha. Ng'washi akanipiga kiwiko, akasema, huyu tutamwacha hapa hapa na kengele yake, mwalimu. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka nao, na tangu siku hiyo kicheko kile kimenikaa tumboni kama ugali mbichi.

Natazama dirishani, mkono haujanyanyuliwa. Natazama chini, kivuli cha rimu kiko miguuni pangu, duara jeusi lenye tundu la mwanga katikati, na tundu lile linapanuka, polepole, linapanuka, mpaka linatosha kupita mtu. Nanyoosha mguu nijaribu kulikanyaga na chini hakuna ardhi. Lakini sianguki, natembea, niko kwenye korido ya shule yetu, madarasa huku na madarasa huku, na korido haina mwisho, inakwenda, inapinda, inarudi ilikotoka, na kila ninapopita mlango naona ubao ule ule ulioandikwa kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo. Nje ya madirisha ya madarasa ya kulia kuna shule nyingine kama yetu, na nyuma yake nyingine, mji mzima wa shule, mapaa ya bati mpaka macho yanachoka, na katika ngazi ya kila stoo amekaa msichana mwenye nondo mapajani. Hakuna hata mmoja anayepiga. Kimya kile kinanitisha kuliko kelele yoyote niliyowahi kusikia.

Pembeni yangu anatembea mtu aliyevaa sweta la dada mkuu, beji kifuani, soksi zimevutwa hadi magotini, na uso wake mtupu kama sahani iliyooshwa. Shikamoo dada, namwambia, maana sijui niseme nini kingine. Haitiki. Nauliza, njia ya kutokea ni ipi? Anasema, ile unayoifunga. Sijafunga njia yoyote, dada, mimi natafuta mlango. Anasema, mlango umelala mikononi mwako na wewe unaubembeleza. Natazama mikono yangu, naona nondo tu, baridi kama imetoka kisimani. Nataka kukimbia lakini miguu inakwenda kwa mwendo wake, ule wa mstarini, kushoto kulia, mpaka tunafika kwenye mlango ninaoujua kwa ufa wake, mlango wa darasa letu.

Wamo wote. Wamekaa wima, kalamu zimelala juu ya madawati, wanatazama mbele wakisubiri. Mwanzoni sioni tofauti. Kisha naona mikono ya mashati imeishia kwenye viwiko, vifungo vimekatika, magoti yamebanwa chini ya madawati hata hayawezi kutoka, na vichwa, Mungu wangu, vichwa ni vyeupe. Nadhani ni vumbi la chaki. Si chaki. Kwenye dawati letu amekaa bibi kizee aliyevaa sare ya Ng'washi, na ninapomkaribia ananigeuzia macho ya Ng'washi, yale yale ya utani. Koku, ananiambia, kengele bado? Bado kidogo, najibu. Wewe nawe, anasema, ulisema hivyo hivyo juzi, mwenzio najisikia kuchoka, nilikuwa na mahali pa kwenda, mbona sasa sipakumbuki? Ulikuwa unakwenda kuwa nesi, namwambia. Ananitazama kwa adabu, kama mtu anayetajiwa ndugu asiyemjua. Nesi ni nani, Koku?

Natoka mbio. Sitaki kumwona, sitaki kuulizwa tena. Nakimbia korido nzima na korido inapinda na kunirudisha kwenye ufa ule ule, nakimbilia upande wa pili nao unanirudisha, na kila nikirudi sauti yake imefifia zaidi, Koku, kengele bado, Koku, kengele. Yule asiye na uso hakimbii lakini kila nikifika namkuta. Piga, ananiambia. Mkono haujanyanyuliwa, namjibu, mwalimu hajaninyanyulia mkono! Anasema, mkono unaousubiri una nondo.

Sasa rimu linaning'inia mbele yangu, katikati ya korido, na katika tundu lake naliona lango la shule, na nje ya lango amesimama mwanamke amenipa mgongo. Naujua mgongo ule. Bega la kushoto limeshuka kama langu, anakwaruza kisigino kwa kidole cha mguu wa pili kama ninavyofanya nikisubiri mtu. Ananisubiri mimi. Geuka nikuone, namwita, nionyeshe tu umekuwa nani, halafu nitapiga, naapa nitapiga. Anageuka. Hana uso. Napiga ukelele na nondo inataka kuniponyoka, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakiogopa siku zote, kwamba nitatoka nikute huko nje sipo. Nasema sitapiga, bora nibaki, nimezoea hapa, najua maharage ni siku gani na wali ni siku gani. Na nyuma yangu, kutoka darasani, sauti iliyobaki kama pumzi inaniuliza, kengele bado, mwanangu? Hanijui tena. Ng'washi hajui tena jina langu. Basi nalia, nafumba macho, nainua nondo kwa mikono miwili na kulipiga rimu kwa nguvu zangu zote.

Mlio unanitikisa meno. Nafumbua macho na niko kwenye ngazi ya stoo, jua usoni, rimu linayumba juu yangu na nondo iko chini miguuni. Dirishani sioni mkono wa mtu, sijui kama ulinyanyuliwa. Lakini milango imefunguliwa na wanatoka wakishangilia, wananipita huku na huku, mtu ananishika mkono kutoka mbele na kunivuta, twende bwana, umetuchelewesha! Ni mkono wa Ng'washi, nalijua kovu la kidole gumba chake. Natembea nikicheka na kulia kwa pamoja. Naona kisogo chake, nywele zimenyolewa fupi kama za kila mmoja wetu, nyeusi, au ni jua linanidanganya. Ng'washi, namwambia, hebu nitazame. Hageuki. Bila shaka hageuki, ndiyo desturi, hakuna anayegeuka kabla ya lango, na lango ndilo lile pale, na nje yake kuna mwanamke amesimama ametupa mgongo.

Nataka kusimama. Mkono unanivuta. Ndipo nasikia, nyuma yangu kabisa, kutoka darasani ambako nilidhani hakuna aliyebaki, mtu akiniita. Koku. Ni sauti ya Ng'washi, ya kijana, yenye utani. Koku, kengele bado?