Mvua ya Baba Fahadi

Mume wangu Haruni ana kazi mpya: kusikiliza mvua. Kila asubuhi anaketi kwenye kigoda barazani kwetu, mtaa wa Bagamoyo hapa Tukuyu, mikono magotini, anavuta pumzi taratibu. Mvua ya Tukuyu, jamani! Inanyesha kila siku, ina jipya gani?

Ni muuguzi aliyemfundisha, baada ya pikapu yetu kuteleza kwenye ukungu na kupinduka na mzigo wa ndizi. Mguu uliovunjika ulipona. Usukani hakuugusa tena. Akisikia tu injini ikiunguruma mlimani, jasho linamtoka. Muuguzi akamwambia asipigane na hofu. Ikija aitazame, asikilize kilichopo, avute pumzi, aiache ipite.

"Yaani dawa ni kukaa tu?" nikamwambia. "Hiyo hata kuku wangu wanaiweza."

Akacheka. Huyo ndiye Haruni, kwa ugomvi humpati.

Basi siku ya ndoa ya mwanetu Fahadi ikafika. Bibi harusi, Shadya, yuko kwao Masukulu, na shehe anatusubiri saa nne. Ezron, jirani anayetuendeshea pikapu, akaamka na homa, hata kusimama hawezi. Magari ya kukodi yote yameshachukuliwa. Fahadi kavaa kanzu nyeupe, nje tope tupu.

"Baba," akasema kwa upole, "mimi nitapanda bodaboda. Nyie msijali."

Aoe bila baba yake? Roho iliniuma.

Haruni akaenda ukutani, akachukua ufunguo msumarini.

Tukabanana mbele watatu. Akashika usukani, akatulia. Mvua inapiga bati la gari, saa inakwenda, na yeye kafumba macho! Nikafungua mdomo nimpe yake. Fahadi akanibana mkono. Hapo nikaliona jasho linavyomtoka mume wangu. Sijui ilikuwaje, na mimi nikajikuta navuta pumzi pamoja naye. Akawasha gari.

Kwenye mteremko ule ule uliomwangusha alisimama pembeni. Akasikiliza mvua yake weee, kisha akaingiza gia tukashuka polepole. Masukulu tulifika shehe bado anakunywa chai.

Baada ya ndoa nilimsogelea, machozi yananitoka kama mimi ndiye bibi harusi.

"Kwa hiyo hofu imekwisha, Baba Fahadi?"

"Wala," akasema. "Mle mbele tulibanana wanne."

Asubuhi iliyofuata nikatoka barazani na vikombe viwili vya chai, nikavuta kigoda changu karibu na chake.

"Haya, mvua inasemaje?"

"Inasema Mama Fahadi anyamaze."

Nampenda huyu mwanamume, nyie acheni tu. Nikanyamaza, tukaisikiliza.