Loki ya Bunduki ya Reino

Tk.

Aili aliusikia mlio huo alfajiri, aliposukuma mlango wa jikoni kwenda kuwasha jiko la kuni. Akapapasa gizani mpaka ukutani inapotundikwa bunduki. Mkono wa komeo la kufungia risasi, ambao mumewe Reino aliuacha umeinuka nusu, ulikuwa umelala chini.

Ilikuwa bunduki ya jeshi, ya vita vya zamani, iliyokuja kuuzwa kwa raia. Reino alipoifunga darubini ya kulengea, loki yake ya usalama ilikosa nafasi ya kugeuka, akaing'oa. Tangu hapo usalama ukawa huo tu: inua komeo nusu, haifyatuki; likishuka, iko tayari kufyatuka. Na kesho msimu wa kulungu unafunguliwa Michigan nzima, na Kerttu, binti yao mdogo, ataketi na baba yake kibandani porini kwa mara ya kwanza.

"Komeo limejishukia lenyewe," alimwambia mumewe wakinywa kahawa.

"Si ilikuwa tupu, mama Kerttu?"

"Leo. Kesho je?"

"Marehemu baba aliwinda hivyo maisha yake yote."

"Na tukamzika na vidole tisa vya miguu. Mbona hicho kipande hukisimulii?"

Reino akainamia kikombe chake.

"Bila loki, mtoto haendi," Aili akasema.

Akatoa drooni loki mpya, yenye kijimkono kifupi kinachopita chini ya darubini. Reino aliinunua mwaka jana, akaijaribu mara moja, ikagoma, akaitupa humo.

"Haiingii hiyo."

"Haiingii mpaka isuguliwe."

Akashuka nayo na bunduki hadi chumba cha chini ya nyumba, akaibana loki kwenye jiliwa. Aliipaka masizi ya mshumaa, akaijaribu kwenye bunduki, akatazama masizi yamefutika wapi, akapitisha tupa hapo hapo, kidogo tu. Akarudia. Kijimkono kikagoma.

"Utaimaliza, ibaki unga," Reino akasema kutoka ngazini. "Ukizidisha, huna nyingine."

"Kapasue kuni, baba Kerttu."

Chakula cha mchana kilipita. Vidole vilimuuma, kahawa ikapoa na utando juu. Masizi, tupa, masizi. Jua likielekea kuzama, kijimkono kikageuka kwa ugumu, kikafika mwisho.

Akaingiza kidole kwenye chemba, tundu la risasi, kuhakikisha hamna risasi. Akakoki, akafunga loki, akavuta kifyatulio. Kimya.

"Haya, imekubali," Reino akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bado. Loki iliyosuguliwa vibaya, ukiifungua bunduki hujifyatua yenyewe, unasikia tk." Akamwita binti yake, aliyekuwa amesimama ngazini na koti lake jekundu la kuwindia. "Njoo, mwanangu. Masikio yako ni mazima kuliko ya baba yako. Fumba macho usikilize."

Kerttu akafumba. Aili akaachia kifyatulio, akaelekeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga, akakisukuma kijimkono polepole mpaka loki ikafunguka.

Wakangoja wote watatu.

"Sijasikia kitu, mama," Kerttu akasema.