Tulivyomzomea Delbert Kratz

Msimu wa mwaka sitini na sita timu yetu ya mpira wa Kimarekani ilicheza mechi kumi na nne, na mtu asiniulize ilishinda ngapi. Moja. Na hiyo moja wapinzani walikuwa wamekula kitu kibaya hotelini, nusu yao wakawa wanakimbilia choo badala ya kukimbilia mpira. Tungejua dawa ni hiyo, wanawake wa mtaa wetu wangewapikia wageni kila Jumapili.

Baa yangu inatazamana na kiwanda cha kuyeyusha chuma, na kioo kikubwa cha nyuma ya kaunta ndicho gazeti la mtaa. Matokeo nayaandika mwenyewe kwa kipande cha sabuni. Sita kwa thelathini na nne. Kumi kwa arobaini na moja. Sare ya kumi na tatu, ambayo wanaume waliishangilia kama wameoza binti. Sufuri kwa thelathini na nane. Kufika Oktoba, mtu akiinua glasi anywe anajiona kiooni na vipigo vyote vimemkaa usoni. Kinyaa kitupu.

Na bado, Jumapili ya mechi ya nyumbani, basi linajaa. Mechi za nyumbani hazionyeshwi kwenye televisheni za mji wenyewe, ndivyo walivyoamua wenye ligi ili watu wanunue tiketi. Basi mimi hukodi basi la viti arobaini na saba, pipa la bia linakaa nyuma, sufuria ya soseji na kabichi chachu mbele, na misa ya saa tatu ikiisha tunapanda na nguo zetu za kanisani. Tunakaa pamoja, nyuma ya benchi la timu yetu, na uwanja mzima hakuna kundi lenye midomo kama letu. Napenda watu, sifichi. Marehemu mume wangu Tadek alikuwa akisema, Bronka, wewe siku ukizikwa utalalamika kwamba jeneza halina nafasi ya mgeni.

Balaa ni kwamba mrushaji wa timu alikuwa mpangaji wangu.

Mrushaji ndiye roho ya mchezo wetu. Anapokea ule mpira wa ncha mbili akiwa nyuma ya majitu matano, anatafuta wa kumrushia mbele, na asipowahi, adui wanamwangukia wote kwa pamoja. Majitu yetu matano yalikuwa ukuta wa pazia. Upepo tu unapita. Delbert Kratz, mtu wa Nebraska, miaka ishirini na tisa, mpole, alikuwa anaangukiwa mara nane, mara kumi kwa mechi. Yeye na mkewe Norma walikaa vyumba viwili vya juu tangu Agosti, na kila Jumatatu asubuhi alishuka kula mayai kwenye kaunta kama mtu mwingine yeyote.

Kazik Flis, mmwaga chuma aliyetoka zamu ya usiku, alikuwa anamngoja.

"Del, baba, ile mipira mitatu uliyowarushia wale wapinzani wa jezi nyekundu jana. Ni shemeji zako?"

"Wana mikono mizuri, mzee Kazik. Niliona aibu kuwanyima."

"Basi wiki ijayo uwanyime. Ukarimu una kiasi."

Watu wakacheka, Del naye akacheka, akamalizia mayai. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwanzoni. Halafu ikaja tatu kwa ishirini na saba, ikaja kumi na nne kwa arobaini na tano, na utani ukaanza kuwa na mifupa. Del akaacha kushuka kwa mayai. Alipokuwa hana budi kutoka, nilimsikia ngazini, ngazi baada ya ngazi, na siku moja nikachungulia. Alikuwa anateremka kwa makalio, kama mtoto anayejifunza, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama mpini wa koleo.

Jumanne moja ya Novemba Norma aliniita kutoka juu. "Mama Bronka, njoo kidogo. Del hayupo."

Juu ya meza yao palikuwa na jagi langu la bia. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya chai iliyolala, kina nyuzi za damu na povu jembamba ukingoni.

"Hicho ni nini, mwanangu?"

"Kimetoka kwenye goti lake. Mtu wa timu huja kila Jumanne na sindano, analikamua. Jumamosi wanamchoma sindano nyingine asisikie maumivu, Jumapili anacheza, Jumanne wanakamua tena. Leo bakuli langu lilijaa, nikachukua jagi lako. Samahani."

Nilikuwa nimekula soseji muda si mrefu. Nikaenda kufungua dirisha.

"Hospitali wamesema nini?"

"Wamesema akicheza mechi mbili tatu zaidi, watalifunga kwa vyuma. Mguu hautakunjika tena maisha yake. Atakuwa na gogo."

"Si amwambie kocha."

"Hawezi. Akisema linauma, nafasi anachukua yule kijana wa akiba, Ott, na Del anasema mrushaji akishatoka hatakiwi tena. Mimi nilimwendea kocha. Aliniuliza mama, ulicheza timu gani."

Akavuta kiti karibu nami. Mtoto wa watu alikuwa hajachana nywele.

"Mwenye timu hukaa kule juu kwenye chumba cha vioo. Kocha hamsikilizi mtu isipokuwa yeye, na yeye hasikilizi chochote isipokuwa viti vikizomea. Nyinyi ndio wenye sauti. Jumapili hii mzomeeni mume wangu mpaka atolewe."

"Norma, tunazomea kila wiki."

"Mnaizomea timu. Nataka mumzomee yeye, kwa jina lake. Na asijue ni mimi. Akijua nimemtoa uwanjani kwa mkono wangu, hatakaa na mimi siku mbili. Niahidi."

Nikaahidi. Jagi nililitupa kwenye pipa la taka nyuma ya baa.

Wateja sikuwaambia sababu. Kumwambia Kazik siri ni sawa na kuigongea kengele ya kanisa. Nilisema tu, jamani, Kratz amezeeka, Jumapili tumtake Ott. Nilidhani itabidi niwasukume. Kumbe nilikuwa nimefungua bomba. Walikuwa wamemtunzia maneno wiki nane, kila mtu ana lake, na Jadwiga Mróz, mama wa kikundi cha rozari, ndiye aliyekuwa na machafu kuliko wote.

"Tunahitaji shuka," akasema Kazik. "Tuandike kitu atakachokisoma akiwa kule chini."

Nikatoa shuka kabatini bila kulitazama. Kazik akaandika kwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, herufi ndefu kama watoto wa shule: KRATZ NENDA KALALE.

Jumapili ilikuwa na theluji ya maji, ile isiyojua kama ni theluji au mvua. Kufika mapumziko tulikuwa tumefungwa sufuri kwa kumi na saba. Robo ya tatu ilipoanza nikasimama juu ya kiti changu, koti la kanisani na kofia yenye manyoya, nikaanza. Kratz toka. Kratz toka. Watu wangu wakaidaka, halafu upande wa pili wa ngazi, halafu ikauzunguka uwanja kama moto wa nyasi. Shuka likafunguliwa. Watu wakaanza kufinyanga theluji na kurusha. Theluji ilipowachosha wakarusha soseji, soseji zangu, nilizochemsha alfajiri kwa mikono hii, nyingine zimeshang'atwa. Jadwiga alitema mate juu ya ukuta wa benchi, kisha akajifuta kwa kitambaa chenye picha ya Bikira Maria.

Nataka niseme ukweli hapa. Kwa dakika kumi za kwanza nilikuwa nazomea goti. Nilikuwa naliona jagi, namwona Norma. Baada ya hapo sikumbuki kuona kitu. Koo lilikuwa linaniwasha, jirani zangu wamenishika mabega, watu elfu thelathini wanasema neno nililolianzisha mimi, na ilikuwa tamu. Ningeombwa ninyamaze nisingenyamaza.

Ndipo wakamwangukia. Watatu, kutoka upande wa mguu ule ule. Majitu yetu yaligeuka kutazama kama watu waliosikia sahani ikivunjika jikoni kwa jirani. Del hakuinuka. Na uwanja ukapiga makofi. Siyo wote, lakini wa kutosha. Makofi ya glavu, mazito, bila haraka. Kazik alipiga. Nikaitazama mikono yangu nikakuta imeshapiga.

Nilifikiri tumechelewa, mguu umekwisha. Nikashuka kitini. Del akageuka kifudifudi, akajisukuma, akasimama. Kwenye benchi simu ililia. Kocha akasikiliza, akatazama juu kwenye vioo, akakata simu, akamnyooshea Ott kidole aingie.

Del alitoka akitembea. Alipita chini yetu kabisa, watu wanampungia leso na kumwimbia wimbo wa kuagana. Akainua kichwa. Hakutazama nyuso. Alilitazama shuka, muda mrefu, tangu pindo hadi pindo, kisha akakaa benchini.

Tulifungwa tatu kwa arobaini. Nikaandika kiooni kama kawaida.

Jumatatu baa ilikuwa imejaa. Del alishuka akiegemea gongo moja, Norma nyuma yake. Watu wakageuka kutazama. Kazik akajaribu kuchangamsha mahali.

"Del, baba, karibu mayai. Leo hatukuulizi kuhusu shemeji zako."

"Asante, mzee Kazik. Sina kinyongo nawe, wewe ni shabiki." Akanigeukia mimi. "Lile shuka lina upindo wa buluu, mama."

Nikaweka sahani yake ya mayai juu ya kaunta.

"Mashuka yenye upindo wa buluu ni ya vyumba vya juu. Nimelilalia tangu Agosti. Wewe ndiye uliyelifua."

"Timu ilihitaji mabadiliko, Del."

"Umeniona nikiteremka ngazi hizi kwa makalio. Hawa hawakuniona. Wewe ulichungulia, na mimi nilikuona ukichungulia. Nikasema moyoni, huyu mama ana haya, amerudi ndani asiniaibishe." Alikuwa anasema polepole, kana kwamba ananisomea kitu. "Nimeangukiwa na watu wa kila namna kwenye mchezo huu. Sijawahi kukutana na mtu mchafu kama wewe."

Nilimtazama Norma. Alikuwa ameshika nguzo ya ngazi, macho chini, anasoma kucha zake. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa mdomoni mwangu, na pia mdomoni mwake. Alilimeza lake. Mimi nikachukua kitambaa nikafuta kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Mwambie, mama," akasema mtu mmoja kwenye meza za nyuma. "Mwambie tulimtaka Ott."

"Tulimtaka Ott," nikasema.

Timu haikumtaka Del tena, lakini yeye na Norma waliomba wakae mpaka theluji ipungue barabarani. Wiki tatu nzima walipita mbele yangu. Del hakuniangalia, Norma aliniangalia sana, akiwa nyuma yake, na macho ya kushukuru, na sijui kwa nini macho yale yalinichefua kuliko yale maneno.

Ott tuliyemtaka aliongoza timu kwenye saba kwa thelathini na tano, kisha sufuri kwa ishirini na nne. Jumapili ya mechi ya mwisho ya nyumbani basi lilikuwa mlangoni, linanguruma, na Kazik akaingia akipangusa viatu.

"Mama Bronka, tupatie shuka jingine. Kijana naye tumpeleke akalale."

"Mlimtaka wenyewe."

"Tulimtaka, tumemwona. Jadwiga ameshapata maneno. Nenda kavae koti, watu wanakungoja, bila wewe nani ataanza?"

Nilichungulia nje. Nyuso arobaini na tano kwenye madirisha ya basi, zimechangamka, mashavu mekundu, wametoka kula mwili wa Bwana. Wengine walikuwa wameshaanza kufinyanga theluji za kwenda nazo.

"Kaanzeni wenyewe," nikamwambia. "Sufuria ichukueni. Leo siendi."

"Unaumwa?"

"Naumwa."

Akanitazama kama amesikia kwamba nimebadili dini, akaondoka. Basi likapinda kona. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe Tadek nilikuwa peke yangu ndani ya baa mchana wa Jumapili. Nikafungua redio, na kabla sijakaa walikuwa wameshatufunga kumi.

Nikasikia ngazi. Norma alitangulia na masanduku mawili madogo, akasimama mlangoni akaangalia barabara. Del akafuata na sanduku kubwa la mbao begani. Hakuwa na gongo. Alishuka ngazi zote kumi na nne kwa miguu, mmoja mmoja, kama watu wanavyoshuka ngazi.

"Mnakwenda," nikasema.

"Nebraska. Nitafundisha shule." Aliyasema akiwa anaitazama redio.

Niliweka mkono juu ya kaunta, kiganja wazi, kupokea ufunguo. Aliuona. Akatua sanduku. Badala ya kunipa, alichuchumaa pale pale katikati ya baa, magoti yote mawili yakakunjika, mapaja yakagusa visigino, akaulaza ufunguo sakafuni, mahali panapotemewa mate. Kisha akainuka. Hakushika meza, hakushika kiti, hata sanduku hakulishika.

Norma akatoka kwanza, bila kugeuka. Del akabeba sanduku lake akamfuata.

Nilingoja mpaka gari lao liishie kona ya kiwanda, ndipo nikainama kuuokota.