Tika ya Kwenye Nguzo

Mvua zikikatika, kwetu kazi ya kwanza ni udongo. Mwekundu unachimbwa nyuma ya shule, mweupe unatoka chini karibu na mto, na wote unapanda mlima kwenye kapu, mkanda kichwani. Nyumba inakandikwa yote kabla ya Dasaini, sikukuu yetu kubwa, mwekundu chini, mweupe juu. Mwaka huo nilibeba peke yangu. Baba alikuwa Katari anafunga nondo na hakupewa likizo, babu kifua kilishachoka, na mdogo wangu Pabitra alisema ana kazi za shule.

"Kazi gani, na shule imefungwa jana?"

"Mwalimu wa sayansi katupa. Tupime shayiri ya sikukuu inavyokua, kila asubuhi tuandike."

"Mwambie babu uone."

Akaenda kumwambia. Hiyo shayiri babu huipanda mwenyewe siku ya kwanza ya sikukuu, kwenye mchanga, pembeni mwa chumba cha sala ambako mwanga hauingii. Inaota ya njano. Mtu haingii humo ila babu, tena awe ameoga. Siku ya kumi inang'olewa, unawekewa nyuma ya sikio pale unapopakwa tika, baraka ya mchele mwekundu kwenye paji la uso.

"Shayiri hiyo haitazamwi," babu akamwambia. "Mwambie mwalimu wako akapime kimo cha mkewe."

"Nitapata sifuri, babu."

"Kaka yako alipata sifuri nyingi na bado anakula."

Nilikuwa kwenye ngazi, mikono imejaa tope. Shule niliiacha darasa la nane, na wala haikuniita irudiane nami.

Nilikandika kuta zote, nikapaka na nguzo za baraza, nikapanda juu kubadilisha mawe ya paa yaliyopasuka. Mama alikuwa chini akinionyesha kwa kidole pale ninapokosea. Nilikuwa na haraka. Viza ya Malesia ilishatoka, na ndege yangu ilikuwa baada ya mwezi mpevu, sikukuu ikiisha. Nilitaka nyumba iishe, sikukuu iishe, niondoke. Kijiji kile nilikuwa nimeshakimaliza.

Siku moja nikiwa juu ya paa babu akatoka na fimbo yake, akakaa kwenye jiwe la kuanikia pilipili.

"Mwaka jana hatukupaka tika," akasema.

Kweli hatukupaka. Bibi alikuwa amefariki, na nyumba ikiwa na msiba wake yenyewe hukaa mwaka mzima bila sikukuu.

"Mwaka huu nitakupaka, ndipo uende. Ukirudi hutanikuta."

"Babu, mkataba ni miaka mitatu tu."

"Ndiyo ninachosema."

Nikaendelea na mawe. Lakini maneno yale niliyasikia, na tangu siku hiyo nilijua mzee anasubiri kitu kimoja tu. Alikuwa anapima pumzi zake zimfikishe siku ya kumi. Dawa za kifua alizokuwa anazitupa kwa kuku akaanza kuzimeza.

Siku ya saba ya sikukuu mama akanituma sokoni rangi nyekundu ya tika. Nilishuka mlima nikiwa naruka ngazi mbilimbili. Pale kwenye mgahawa wa chai nikamkuta baba mdogo Keshar, binamu yake baba, amekaa peke yake na goti amelinyoosha.

Hapa lazima niseme kitu. Akifa mtu wa ukoo wenu, hata awe wa mbali vipi, ukoo mzima unaingia mwiko. Hakuna sala, hakuna tika, karibu wiki mbili, na sikukuu inakupita hivihivi. Lakini mwiko unaanza pale unaposikia. Hujasikia, uko safi. Kwa hiyo majira yale ukimwona mtu wa ukoo sura imemwanguka, humwulizi kitu. Unamsalimu huku unatembea. Watoto wadogo wanalijua hilo.

"Loke," akasema Keshar, "umesikia?"

"Nini?"

Basi. Ndiyo hivyo. Nilikuwa nawaza bei ya begi.

"Mzee Jitman wa ukoo wetu katutoka, kule Butwali. Jana asubuhi."

Mzee Jitman nilimwona mara moja nikiwa mdogo. Alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na nzi anatembea kwenye miwani. Hilo ndilo ninalomkumbukia.

"Baba mdogo, ungeninyamazia."

"Nikunyamazie vipi na wewe umeuliza?"

"Ungesema bei ya mbuzi imepanda."

"Mimi si mwongo." Akalisugua goti. "Nyumba zote za huku chini nimeshazipitia. Kwa Dhanmaya wamenimwagia maji ya vyombo miguuni, wakasema wameteleza. Wamerudisha mbuzi kwa aliyewauzia. Imebaki ya kwenu tu, huko mawinguni."

Akatazama ngazi. Za mawe, zinapanda mpaka shingo inauma. Na mimi nikazitazama.

"Goti linasemaje?"

"Goti hili ni adui yangu."

"Kaa unywe chai. Nitapeleka mimi."

"Utapeleka kweli?"

"Si ndiko ninakopanda?"

Akapumua. "Umwambie baba mkubwa, babu yako, nilitaka kuja mwenyewe."

"Nitamwambia."

Nikanunua rangi, nikapanda, safari hii polepole. Mimi mambo haya siyaamini sana. Nikimwambia babu, atavua kofia, atakaa chini, shayiri itanyauka kwenye mchanga, na mimi nitapanda ndege naye hajampaka mtu. Nikikaa kimya halafu nikakaa mbele yake anipake, nitakuwa nimemtia mwiko kwenye vidole vyake mwenyewe bila yeye kujua. Mimi siamini, lakini babu anaamini, na mkono ni wake. Kabla sijafika juu nilikuwa nimeshaamua: wao wapakwe, mimi nisipakwe wala nisimguse mtu. Simu yetu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaizima.

Babu alikuwa barazani, akanyoosha mkono apokee rangi. Nikaiweka juu ya ukuta mfupi kando yake.

"Mkono wangu una ukoma?"

"Nina jasho, babu."

Jioni hiyo nikahamishia blanketi zizini. Nilisema namlinda mbuzi wetu.

"Unamlinda na nini?" akauliza mama.

"Chui."

"Chui wa mwisho hapa alionekana baba yako akiwa ananyonya."

"Ndiyo maana ana njaa."

Chakula nilikula nje, jikoni sikuingia. Mama akasema kuna msichana. Pabitra akasema ni pombe, akaja kuninusa kwa mbali, nikamrushia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Siku ya tisa, siku ya kuchinja, nilisema nimeteguka kiganja, ikabidi aitwe jirani wa ng'ambo ya korongo, Mgurung, mtu wa kabila jingine, mwiko wetu haumhusu. Alimaliza kazi, akanitazama nikibeba madumu mawili ya maji kwa kiganja hichohicho kilichoteguka. Akafuta kisu chake, akaaga. Wagurung ni watu wazuri.

Macho ya babu nayo yalinifuata uwanja mzima.

Siku ya kumi kulipambazuka na jua kali na theluji ikionekana mbali kule kaskazini. Niliondoka mapema nikaenda kwenye bembea. Vijana walikuwa wameisimamisha wiki hiyo kwenye kilele, mianzi minne mirefu imefungwa juu, kamba ya majani imesokotwa nene kama mkono. Kwenye sikukuu hii kila mtu lazima aiache ardhi japo mara moja. Nikaiacha mara nyingi. Ukienda juu unaona paa letu, na mawe mapya yanang'aa kuliko ya zamani. Moja nililiweka vibaya.

Pabitra akaja akikimbia. Paji lote la uso limejaa mchele mwekundu uliogandishwa kwa mtindi, na nyuma ya sikio shayiri ya njano, ndefu, inampiga shavu.

"Nimeshaipima," akasema. "Haikuwa na haja ya kila asubuhi. Nitajaza tu zile za katikati."

"Hicho ndicho wanachokufundisha?"

"Wewe ulifundishwa nini? Babu anakuita."

"Mwambie nimeteguka."

"Umeteguka paji la uso?"

"Pabi, nenda."

"Mama kapakwa, mimi nimepakwa. Ameshikilia sahani, hataki kuiweka chini. Anasema hatakula mpaka uje."

Nikashuka kwenye bembea.

Nilisimama uwanjani, chini ya baraza. Babu alikuwa amevaa kofia safi na koti la harusi ya baba. Sahani ya tika iko magotini. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso mwekundu kote, kwa tika na kwa hasira.

"Panda," akasema babu.

"Niko sawa hapa."

"Loke, unamtia babu yako aibu siku kama ya leo," mama akasema. "Mwana gani wewe?"

Babu akainua kidole, mama akanyamaza. Mzee akavuta pumzi, ikachukua muda kufika.

"Tangu utoke sokoni unalala na mbuzi. Mbuzi tumemla, bado unalala zizini. Rangi umeiweka ukutani. Simu haijalia tangu siku ile, na baba yako hajawahi kupitisha Dasaini bila kupiga." Akakohoa. "Nikuulize kitu?"

"Usiniulize, babu."

"Kuna n—" mama akaanza.

"Mama Loke. Usilimalize hilo."

Mama akafunga mdomo. Nikaona mkono wake unapanda taratibu mpaka kwenye tika yake, kama mtu anayehakikisha bado ipo. Alikuwa ameelewa. Pabitra alikuwa bado, anatutazama mmojammoja.

Babu akaitazama sahani yake. Nilidhani ataiweka chini. Nilijua akiiweka chini ameshakubali kwamba kuna msiba, na hapo kila kitu kimekwisha. Badala yake akashika fimbo, akainuka. Mama akataka kumsaidia, akamkataa. Akaja mpaka ukingo wa baraza, kwenye nguzo ya karibu na ngazi, hatua moja tu kutoka niliposimama.

"Nguzo hii aliipaka nani?"

"Mimi."

"Umepaka vibaya."

Akachota mchele mwekundu kwa vidole vitatu. Akanitazama kimo, akaitazama nguzo, akaubandika kwenye nguzo. Akakandamiza vizuri, kama anavyofanya kwenye paji la mtu, ukang'ang'ania. Halafu akaanza kuibariki ile nguzo.

"Uende salama. Ndege ikipaa ishuke. Wasikudhulumu huko. Na wewe usiwajibujibu, una mdomo mbaya tangu mdogo. Ule ushibe. Usinywe na watu usiowajua. Upate mke mwenye akili kukuzidi, hilo halitakuwa gumu. Nyumba hii uliyoikandika uje uikute, hata kama utakuta tumepungua. Umri wako uwe mrefu kuliko barabara ya kwenda Katmandu, na usiwe na mashimo kama yake."

Nguzo ilikuwa na ufa. Akachomeka shayiri humo.

Nilikuwa naitazama miguu yangu. Kidole gumba kilikuwa bado na udongo mwekundu kwenye ukucha.

"Babu," akasema Pabitra, "nguzo inaenda Malesia?"

"Wewe kaandike shayiri yako."

Akarudi kukaa. Akaomba nyama. Alikula vizuri siku hiyo, na mimi nililetewa yangu uwanjani kwenye sahani ya majani. Mama aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua mbili ndipo nami nikaichukua. Hakunitukana tena.

Mwezi ulipopevuka na sikukuu kumalizika, asubuhi yake niliwaambia nikiwa palepale uwanjani.

"Mzee Jitman wa Butwali."

Babu akavua kofia, akakaa kidogo.

"Jitman," akasema. "Mimi siku zote hizi nilidhani aliyekufa ni Keshar." Akaenda kuoga.

Mwiko wangu ulimalizika kabla ya wao. Siku ya safari niliamka mapema, begi mgongoni. Mama alikuwa jikoni, Pabitra ameshaenda shule, hakusubiri, hapendi kuaga. Mwalimu alimpa alama zote kwenye shayiri.

Mchele ulikuwa umekauka kwenye nguzo, mweusi mweusi. Chembe nyingine zilishaanguka na kuku alizila. Nilisimama nikaegemea nguzo kuona. Alama ilikuwa juu ya paji langu, kwenye nywele. Mzee alinipima kwa macho yake ya siku hizi, au alidhani bado nakua.

Nikainua visigino kidogo, ikagusa.

"Loke," babu akaita kutoka ndani, "basi litakuacha."